Deni la kamari halianzwi kwa kulipwa

Siku niliyochukua daftari na kuanza kuandika majina ya wote walionidai, nilifika jina la kumi na moja nikalifunga, nikatoka nje kupunga hewa, ingawa nilijua vyema kwamba walikuwa wamebaki watatu. Kulikuwa na benki, programu nne za mikopo ya simu, wafanyakazi wenzangu, shemeji yangu, na mwanangu wa miaka tisa, ambaye kibubu chake nilikitoboa kwa kisu usiku mmoja alipokuwa amelala, kisha nikakiziba kwa gundi na kukirudisha juu ya kabati. Jina lake ndilo lililokuwa la mwisho, na ndilo lililonichukua siku mbili kuliandika.

Huko nyuma nilikwisha kupewa nafasi ya kujinasua, nikaipoteza. Kaka yangu mkubwa, baada ya kunisikiliza nikimweleza nusu ya ukweli, alitoa akiba yake na kulipa kila deni nililomtajia. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa miezi. Siku ya kumi na nane nikabeti tena. Wapo wanaodhani kwamba nilikosa shukrani, na sitabishana nao, lakini kilichotokea kina maelezo yake: deni lilikuwa limenifungia milango ya kukopa, na lilipolipwa milango yote ikafunguka kwa pamoja. Programu mbili za mikopo zilinitumia ujumbe wa kunipongeza kwamba, kwa kuwa mimi ni mteja mwaminifu, kiwango changu cha kukopa kimepandishwa.

Kwa sababu hiyo, anayeniomba ushauri leo huwa simwambii aanze na kutafuta fedha za kulipa. Deni la mtu aliyeuguza mgonjwa au aliyefilisika katika biashara hupungua akipata fedha, ilhali deni la kamari, mkono ule ule ukiendelea kushika fedha, huongezeka kwa fedha hizo hizo. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa magonjwa, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataja dalili 9, ambazo 4 kati yake zinatosha kuashiria ugonjwa. Moja ya dalili hizo ni kutegemea wengine wakutoe katika shida ya fedha iliyoletwa na kamari. Niliposoma mstari huo nilimwona kaka yangu akihesabu noti mezani.

Anza, basi, kwa kuziondoa fedha mikononi mwako. Mimi nilimkabidhi mke wangu kadi ya benki na namba zote za siri, nikaomba kampuni za kubahatisha zinifungie akaunti kwa muda mrefu kadiri walivyoruhusu, nikafuta programu za mikopo, na kila asubuhi nikawa napewa nauli iliyohesabiwa. Kwa mwanamume mzima, kunyoosha mkono na kupokea nauli kutoka kwa mkewe ni jambo linalouma, wala sitakudanganya kwamba nilizoea haraka. Juma la pili niligombana naye kwa sababu alinidai chenji. Alikuwa na haki ya kuidai.

Baada ya hapo ndipo daftari linapokuwa na maana. Andika kila deni, riba yake na tarehe yake, bila kuacha lile unaloliona dogo, kwa maana deni moja unalolificha litakutafutia kisingizio cha kubeti "mara moja tu" ili ulimalize kimyakimya. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ikiwa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, huifanya 100 kuwa 314 mwaka unapokwisha. Mikopo ya aina hiyo ndiyo ya kuwahi, baada ya chakula, kodi ya nyumba na deni lolote lililowekewa dhamana ya kitu usichoweza kuishi bila hicho. Wafuate wanaokudai kabla hawajakufuata, uwaeleze unachoweza kulipa kwa mwezi bila kujinyonga, na makubaliano yaandikwe. Benki ilinikubalia kurefusha muda. Programu moja ilikataa kabisa na kuendelea kuwapigia simu jamaa zangu, aibu ambayo ingalikuwa kubwa zaidi kama wasingalikuwa wamekwisha kusikia habari kutoka kinywani mwangu. Usikope kulipa mkopo, isipokuwa riba mpya ni ndogo kweli na mtu mwingine amekagua hesabu.

Wazo la kulipa deni kwa mkeka mmoja, yaani tiketi ya mechi kadhaa ambazo lazima uzipatie zote, litakujia, hasa mwisho wa mwezi. Lipigie hesabu. Ikiwa kampuni imejiwekea asilimia 5 katika kila mechi, mkeka wa mechi 6 hurudisha, kwa wastani, 73 na ushei katika kila 100 unayoweka, na kadiri unavyoongeza mechi ndivyo fungu lao linavyokua. Hata ruleti, gurudumu la kasino lenye namba 37, inayomlipa aliyepatia namba faida ya mara 35 ya dau, humla mchezaji polepole kuliko hivyo.

Likikujia wazo la kujidhuru, na kwa wenye madeni haya huja mara nyingi kuliko wanavyokiri, mwambie mtu siku hiyo hiyo na umwone daktari, daftari litasubiri. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vya waraibu wa kamari wanaosaidiana kuacha, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, hukutana katika nchi nyingi na kwa njia ya intaneti. Nilikwenda nikidhani nitahubiriwa, nikamkuta mzee mmoja akisimulia jinsi alivyotoboa kibubu.

Nimebakiza majina matatu. La mwanangu nilikuwa nimelifuta la kwanza, kinyume cha hesabu zote za riba, na mke wangu hakunipinga. Amenunuliwa kibubu kipya, cha bati, na anakiweka upande wa kitanda anakolala mama yake.