Muulize Dada Refa: Nani Ameshika Kalamu ya Kanuni?

Barua za mwezi huu zimekuja na hasira, na karibu zote zinahusu kanuni zilizobadilishwa katika ligi za gemu za kulipwa. Mimi sishangai. Nilikuwa refa wa mashindano haya kabla ya kupewa ukurasa huu, na hadi leo nikipewa kitabu cha kanuni naanza kukisoma kurasa za nyuma, maana adhabu hukaa huko.

Dada Refa, hujambo. Mchezaji ninayempenda kwenye League of Legends ana wahusika wawili ambao hakuna mtu anayewachezesha kama yeye. Tangu mwaka 2025, akishamtumia mmoja kwenye mchezo wa kwanza basi hamrudii tena siku hiyo. Kwa nini Riot, wenye gemu hiyo, wanawaadhibu walio bora? – Shabiki mwenye kinyongo

Sijambo, kaka. Pole kwa kinyongo, ila hapa siko upande wako.

Unachokilalamikia ni Fearless Draft. Mhusika akichaguliwa na timu yoyote, baada ya mchezo huo timu zote mbili zinampoteza hadi pambano, yaani mfululizo wa michezo kati yao, liishe. Piga hesabu. Kila mchezo unatumia wahusika 10, watano kila timu. Pambano la michezo mitano likifika mchezo wa mwisho, 40 wameshaondoka, na mchezo huo wa tano wenyewe una wengine 10 ambao timu zinawapiga marufuku kabla ya kuanza. Hamsini hawapo, katika gemu yenye wahusika wapatao 170. Fainali ya dunia ya 2025 kule Chengdu, T1 dhidi ya KT Rolster, ilifika huko huko kwenye mchezo wa tano, na T1 wakashinda 3 kwa 2 wakiwa na wahusika ambao zamani usingewaona fainali.

Kabla ya hapo, pambano la michezo mitano mara nyingi lilikuwa mchezo mmoja ukirudiwa: wale wale, njia ile ile, na mtangazaji akihangaika kutafuta la kusema. Nimesimama nyuma ya viti vya wachezaji katika mapambano ya aina hiyo, na nakwambia hata wao walikuwa wanapiga miayo. Mchezaji wako hajaadhibiwa. Ameulizwa swali jipya, na kama ana majibu mawili tu, basi wapinzani wake walilijua hilo muda mrefu, ni vile tu walikuwa hawana pa kumbana.

Overwatch League, ligi ya gemu nyingine iitwayo Overwatch, ilipitia kitu kama hiki mwaka 2019, ilipolazimisha kila timu kuwa na walinzi wawili, washambuliaji wawili na wasaidizi wawili. Kabla ya hapo, mtindo wa walinzi watatu na wasaidizi watatu ulikuwa umetawala, na washambuliaji waliosifika kwa kulenga shabaha walikuwa wanakaa benchi au wanajifunza kazi nyingine. Tofauti ni kwamba wao waliileta kanuni hiyo katikati ya msimu, hatua ya nne ikianza, wakati timu zilishasajili watu kwa kanuni ya zamani. Kwa hilo ningewaunga mkono wenye hasira.

Dada, naomba unieleweshe. Ligi ya League of Legends ya Amerika Kaskazini: mara wachezaji wamegoma, mara imebadilishwa jina, mara jina limerudi. Mpira wa miguu haubadilikibadiliki namna hii. Kuna nini? – Msomaji wa siku nyingi

Umeuliza swali ambalo lingejaza gazeti zima, ndugu yangu.

Anza na tofauti moja. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. FIFA ikifungwa kesho, watu watacheza kesho kutwa. League of Legends ina mwenyewe, anaitwa Riot Games, na yeye ndiye mwenye gemu, seva, ligi, matangazo, na kitabu cha kanuni. Akiamua ligi iwe na timu nane, inakuwa na timu nane. Hakuna chama cha dunia cha kwenda kukata rufaa.

Ligi hiyo unayoiulizia, LCS, ilianza mwaka 2013, ikiwa na kupanda na kushuka daraja. Mwaka 2018 mlango huo ukafungwa: timu zikanunua nafasi za kudumu, na iliripotiwa kuwa bei ilianzia dola milioni 10. Ukishanunua, hushuki hata ukishika mkia. Wawekezaji walilitaka hilo, maana nani ataweka milioni 10 mahali ambapo wiki moja mbaya inamtoa? Lakini mlango ukifungwa, yule kijana aliye chini anapandia wapi? Jibu lililotolewa ni kwamba kila timu ilazimike kuwa na kikosi cha pili katika ligi ya chini. Huo ndio ulikuwa mkataba wenyewe, hata kama haukuandikwa kwa maneno hayo: mmefungiwa juu, basi lisheni walio chini.

Mei 2023 Riot ikaondoa sharti hilo. Timu 7 kati ya 10 zikaachana na vikosi vyao vya pili, na wachezaji wengi wakajikuta hawana kazi. Chama cha wachezaji kikapiga kura ya kugoma. Soma madai yao uone yalivyokuwa ya kawaida: kupanda na kushuka daraja kurudi kwa namna fulani; dola 300,000 kwa mwaka kwa kila timu ya ligi ya chini kwa ajili ya mishahara; na kwamba wachezaji watatu kati ya watano wakibaki pamoja, nafasi yao katika ligi ya chini iwe yao, siyo ya mwenye timu. Hili la mwisho ndilo nililolipenda, na ndilo lililogusa wenye mali. Msimu uliotakiwa kuanza Juni 1 ulisogezwa wiki mbili, Riot ikionya kwamba mazungumzo yakikwama zaidi msimu wote unaweza kufutwa. Wakapatana, mechi zikaanza Juni 14.

Yaliyofuata ni hesabu za fedha. Mwaka 2024 timu zikabaki nane. Mwaka 2025 ligi ikaunganishwa na ya Brazili, CBLOL, na ya nchi nyingine za Amerika ya Kilatini kuwa LTA, na kabla mwaka haujaisha ikatangazwa kwamba mwaka 2026 LCS na CBLOL zinarudi kila moja kivyake. Wabrazili walilia sana walipopokonywa CBLOL, na walikuwa na haki. Shabiki hashangilii kifupisho kipya kilichochorwa ofisini.

Kwa hiyo ukisikia kanuni imebadilika, usianze kuuliza kama ni nzuri. Uliza kwanza wachezaji waliambiwa lini. Wale wa 2023 hawakugoma kwa sababu ligi ilikuwa na shida ya fedha. Shida hiyo waliijua. Waligoma kwa sababu walisikia uamuzi ukiwa umeshapita.

Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 15. Kuna timu inamwambia aache shule, wamsajili. Je, sheria inaruhusu? – Mama mwenye wasiwasi

Marahaba, mama. Sheria ipi? Ndiyo tabu yenyewe, maana kila gemu ina umri wake. Overwatch League ilitaka miaka 18. Kombe la Dunia la Fortnite la 2019 lilipokea watoto kuanzia miaka 13, na bingwa, Bugha, aliondoka na dola milioni 3 akiwa na miaka 16. Sumail Hassan alishinda The International, mashindano makubwa ya gemu ya Dota 2, mwaka 2015 naye akiwa na 16. Bila shaka mwanao ameshakutajia hao wawili. Muulize awataje wengine watatu.

Na serikali nayo inaweza kuingia. Mwaka 2021 China iliwawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha saa moja kwa siku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu. Kijana aliyekuwa anajiandaa kuwa mchezaji wa kulipwa akalala na ndoto, akaamka na kanuni.

Waambie hao watu wa timu wakuletee mkataba, siyo ahadi. Tafuta mshahara uliotajwa kwa tarakimu, mgawanyo wa zawadi, na kinachotokea wakimwacha katikati ya msimu. Overwatch League ilipoanza iliahidi hadharani kima cha chini cha dola 50,000 kwa mwaka, bima ya afya, na angalau nusu ya zawadi kwenda kwa wachezaji. Timu isiyoweza kuandika hata robo ya hayo haina haki ya kumtoa mtoto shule. Na sahihi ni yako, mama, siyo yake.

Kwa nini wasiweke kikomo cha mishahara, timu tajiri zisimalize kila mtu? – Mhasibu

Walijaribu. Activision Blizzard, kampuni yenye Overwatch, iliweka kodi katika Overwatch League: timu ikipitisha kiwango fulani cha mishahara, kila dola ya ziada ililipiwa faini ya dola moja, na faini ikagawiwa timu nyingine. Waliifuta mwaka 2021, uchunguzi ukiwa umeshaanza, na Aprili 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ikawafikisha mahakamani kwa kubana mishahara kinyume cha sheria za ushindani. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano. Katika michezo mingine ya Marekani vikomo hivyo vinasimama kwa sababu vinajadiliwa na vyama vya wachezaji. Kwenye Overwatch League hapakuwa na chama cha kujadiliana nacho. Ligi yenyewe ilikufa mwaka huo huo, na timu zilizopiga kura ya kuondoka zikapewa dola milioni 6 kila moja.

Riot imeruhusu timu kudhaminiwa na kampuni za kubeti. Si mechi zitauzwa sasa? – Mzee wa mikeka

Mzee wangu, mechi ziliuzwa hata kabla. Agosti 2014, iBUYPOWER, timu ya gemu ya Counter-Strike, ilijifungisha makusudi, na malipo yalikuwa mapambo ya silaha za ndani ya gemu, siyo fedha taslimu. Valve, kampuni yenye gemu hiyo, ikawafungia waliohusika Januari 2015.

Ruhusa ya Juni 2025 inahusu timu za daraja la juu za League of Legends na Valorant, katika Amerika na katika kanda ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika. Mdhamini anachunguzwa kwanza, timu lazima iwe na mpango wake wa kulinda uadilifu, na nembo haikai kwenye jezi. Sehemu ya mapato inakwenda kwa ligi za chini. Nakubaliana nayo shingo upande. Ninachokihofia ni yule mchezaji wa daraja la pili anayelipwa kidogo, kwa sababu huyo ndiye anayepigiwa simu usiku.

Tunaandaa mashindano madogo ya Counter-Strike. Kocha mmoja anataka kuongea na wachezaji wake muda wote. Turuhusu? – Kamati ya mashindano

Mnaweza, ila amueni kabla ya usajili kufunguliwa. Valve iliwabana makocha Agosti 2016: waongee wakati wa kupasha moto, mapumziko ya katikati, na katika mapumziko mafupi manne ya sekunde 30, ili mchezo ubaki wa watu watano badala ya sita. Mwaka 2020 ikagundulika kwamba hitilafu ya programu iliwawezesha baadhi ya makocha kuona sehemu za uwanja wasizotakiwa kuziona, na Septemba hiyo tume ya uadilifu, ESIC, ikawafungia 37. Baadhi yao walinyamaza tu walipoiona ile picha, na kunyamaza kuliwatosha kuadhibiwa.

Kwa hiyo andikeni kocha anakaa wapi, skrini yake inaonyesha nini, na refa yupi anaiangalia. Kocha akiona kitu kisicho cha kawaida, anyanyue mkono papo hapo. Na huyo wenu akija na hoja nzuri katikati ya mashindano, andikeni hoja yake, mwambieni itajadiliwa kabla ya msimu ujao, kisha mechi iendelee.