Maswali na Majibu: Kioo Kinachofungia Taka za Nyuklia

Tangu Uyombo, jirani zetu wa Kilifi, ilipotajwa kuwa mahali palipofikiriwa kujengwa mtambo wa umeme wa nyuklia, barua zinazotufikia hapa Malindi zimekuwa zikiuliza zaidi juu ya taka kuliko juu ya umeme wenyewe.

Nasikia taka hizo hutiwa ndani ya kioo. Kikivunjika je? (Mvuvi, Shela)

Ndugu yetu, hazitiwi ndani kama maji yatiwavyo chupani. Majimaji makali yanayobaki baada ya kuchambua fueli iliyotumika, yaani kuitenga urani na plutoniamu yake zitumike tena, hukaushwa, yakachanganywa na malighafi ya kioo chenye boroni na silika, kisha yakayeyushwa kwa nyuzi zipatazo 1,100 za Selsiasi na kumiminwa katika mikebe ya chuma kisichoshika kutu. Atomi za taka huwa sehemu ya kioo chenyewe, kwa hiyo kikipasuka hakuna kinachomwagika. Kinachoongezeka ni nyuso ambazo maji yanaweza kuzifikia, na maji ndiyo adui hasa. Ufaransa iliianza kazi hii kiwandani, huko Marcoule, mwaka 1978.

Ikiwa kioo kinafaa, kwa nini wataalamu wanahangaika na kioo-kauri? (Mwalimu, Mambrui)

Kwa sababu kioo huchagua wageni. Plutoniamu huyeyuka humo kwa kiasi kidogo tu, na molibdeni, metali nyingine iliyomo katika taka, ikizidi hujitenga na kufanya tabaka la manjano linaloyeyuka majini, jambo ambalo ndilo hasa tunalolikimbia. Kioo-kauri ni kioo kilichoachwa kiote fuwele ndani yake, ama kwa kupozwa taratibu, ama kwa kupashwa moto upya. Aliyewahi kuona asali ikiganda nusu, chembe zikielea katika sharubati, ameuona mfano wake. Fuwele za zirkonolaiti, zenye kalisi, zirkoni na titani, huishika plutoniamu katika muundo wake, na kioo kilichobaki kati yake hupokea uchafu mwingine usiotabirika. Zirkonolaiti ya asili imehifadhi urani kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ingawa mionzi yenyewe imeuvuruga mpangilio wa atomi zake.

Mwaka 1978, mwanasayansi Ringwood wa Australia alipendekeza mwamba wa kutengenezwa, Synroc, ambao karibu wote ni fuwele. Kioo-kauri kinasimama kati ya mwamba huo na kioo cha Marcoule, nami nakiona kuwa dawa ya taka sugu, si mrithi wa kioo: fuwele zisizokusudiwa zikiota, kioo kinachozizunguka huweza kubaki dhaifu kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Nani aliyevumbua kioo-kauri? (Mwanafunzi, Malindi)

Mwanakemia Stookey wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, tanuri lake lilipozidi moto kwa bahati mbaya. Majiko ya umeme yenye uso mweusi laini ni ndugu zake.

Kioo cha taka kitadumu miaka mingapi? (Mama wa nyumbani, Langoni, Lamu)

Bibi, muda kinaotakiwa kudumu unategemea kilichomo. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30, ilhali plutoniamu-239 huhitaji miaka 24,100. Shanga za kioo zilizofukuliwa Gede na katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, zimekaa ardhini karne nyingi, lakini kioo chake si cha aina hii, na karne hizo ni chache mno. Ndiyo maana mkebe hautegemewi peke yake. Huzungushiwa udongo wa mfinyanzi na kuzikwa katika mwamba wa kina.

Basi Uyombo ingezalisha kioo hicho? (Mkulima, Gede)

Si lazima. Kioo huhitajika pale fueli inapochambuliwa. Nchi isiyochambua hubaki na fueli nzima, ambayo kwa kawaida ni kauri ya oksidi ya urani, na Finland imechimba pango la Onkalo, zaidi ya mita 400 chini, ili kuizika hivyo hivyo ndani ya makasha ya shaba.