Mwekezaji wa Kigeni na Daftari la Wanachama

*Tangu Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ishuke Ligi Kuu mwaka 2020 tunahangaika. Kwa nini tusitafute tajiri wa nje ainunue timu yote, mashabiki tupumzike? (Msomaji, Masasi)*

Swali hili limerudi tena, na ningeshukuru kama waulizaji wangesoma majibu yaliyotangulia. Timu ya wanachama hainunuliwi yote: kanuni zetu zinawaachia wanachama asilimia 51 ya hisa, na wawekezaji, ambao hawapaswi kupungua watatu, wanagawana 49. Kinachonisumbua mimi ni hiyo 51, kwa sababu sioni ni ya nani. Nilihudhuria mkutano mkuu wa timu moja ya hapa Mtwara, katibu akafungua daftari ambalo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa magunia ya korosho, akasoma majina kumi na tisa. Wawili kati yao tulikwisha kuwazika, na waliolipa ada ya mwaka ule walikuwa wanne. Mwekezaji mjanja akija kesho atawalipia ada ya uanachama watu wake hamsini kabla ya mkutano ujao, na timu itakuwa yake bila kanuni hata moja kuvunjwa.

*Wahindi wanaomiliki Blackburn Rovers wametoa fedha nyingi. Mbona mashabiki hawawataki? (Msomaji, Lindi)*

Kwa sababu kutoa fedha ni jambo moja na kuendesha timu ni jambo jingine. Venky's, kampuni ya kuku ya Pune, iliinunua Blackburn Novemba 2010 ikiwa Ligi Kuu ya Uingereza, na mwezi uliofuata ikamfukuza Sam Allardyce, kocha mzoefu wa kuzinusuru timu zisishuke daraja. Mei 2012 mabingwa hao wa 1995 walishuka, na siku hiyo mashabiki waliachia uwanjani kuku aliyefungwa bendera ya timu. Mwaka 2017 wakashuka tena hadi daraja la tatu. Ni kweli kwamba fedha za wamiliki ndizo zilizoziba hasara miaka yote hiyo, lakini hapo ndipo penye hatari yenyewe, maana wamiliki walipoingia katika uchunguzi kwao India, walilazimika kuomba ruhusa ya mahakama ili kutuma fedha Uingereza. Mshahara wa beki wa kushoto ukawa unasubiri hakimu wa Delhi.

*Mwenye timu akifilisika, nani hulipwa kwanza? (Msomaji, Newala)*

Si wewe uliyeipikia timu chakula. Portsmouth, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 2008, ilibadili wamiliki mara kwa mara msimu wa 2009/10, na Februari 2010 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ikakatwa pointi tisa na kushuka. Kwa utaratibu wa Uingereza, wachezaji na klabu nyingine hulipwa madeni yao kamili, ilhali wadai wadogo, wakiwamo watoa huduma ya kwanza waliokaa kando ya uwanja, waliahidiwa peni 20 kwa kila pauni, yaani moja ya tano ya deni. Mama ntilie wa uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona ajue hilo kabla ya kuandika deni la timu.

*Mwekezaji anaweza kubadili rangi ya jezi? (Msomaji, Nachingwea)*

Anaweza, kama hakuna aliyemzuia kwa maandishi. Vincent Tan wa Malaysia aliivika Cardiff City nyekundu mwaka 2012, timu iliyovaa bluu zaidi ya miaka mia, na bluu haikurudi hadi Januari 2015.

*Manchester United itauzwa lini? (Msomaji, Mtwara mjini)*

Mimi si dalali.

*Je, wageni wote ni wabaya? (Msomaji, Kilwa)*

Hapana, na sijapata kusema hivyo. Familia ya Vichai Srivaddhanaprabha kutoka Thailand iliinunua Leicester City mwaka 2010, ikageuza mikopo iliyoipa timu kuwa hisa, ikaukomboa uwanja, na mwaka 2016 timu ikawa bingwa wa Uingereza. Angalia hilo la mikopo kuliko kombe: akina Glazer wa Marekani waliinunua Manchester United mwaka 2005 kwa mikopo ambayo sehemu kubwa yake iliangukia klabu yenyewe. Kwa hiyo mgeni akifika, aulizwe fedha anazoleta ni hisa au ni deni, na kama ni deni, limeandikwa kwa jina la nani na timu ikishuka litalipwa na nani. Mkataba usiojibu hayo kwa Kiswahili, katibu asiutie muhuri.