Hifadhi nne kwa wiki moja? Babu Msafiri anajibu

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi na mume wangu tuna siku saba mwezi wa Aprili, tunataka kuona chui milia katikati ya India. Nimepanga Pench, Kanha, Bandhavgarh na Panna. Tiketi za ndege tumezipata kwa bei nzuri. Tukate? Na je, tuna uhakika wa kumwona?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msikate kwanza. Ndege ina viti kila siku, lakini geti la Tala pale Bandhavgarh halina. Kila mzunguko wa safari una kibali chake, kwa tarehe yake, asubuhi au alasiri, na kwa geti lake, na idadi ya magari ina kikomo. Wenye akili huwahi vibali vya eneo la ndani miezi kadhaa kabla, ndipo wakakata tiketi. Kibali hubeba jina na namba ya pasipoti, na getini wataitaka hiyo hiyo. Ukiwa na pasipoti inayokaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kuomba kibali, usije ukajitafutia kesi saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa hizo hifadhi nne. Kati ya Kanha na Bandhavgarh peke yake barabara inakula nusu siku. Mkizunguka zote mtakayoyajua vizuri ni malori ya jimbo la Madhya Pradesh. Chagueni mbili: shukeni mji wa Jabalpur, anzeni Kanha, malizieni Bandhavgarh. Jumatano alasiri hifadhi hizo hufungwa kwa watalii, basi hiyo ndiyo iwe siku ya kuhama.

Kanha naipenda kwa sababu hata chui milia asipotokea hurudi mikono mitupu. Kuna misitu ya miti iitwayo sal na mbuga pana za nyasi, na humo yumo barasingha, yule kulungu mwenye pembe za matawi mengi. Mwaka 1970 walibaki kama 66 tu pale. Leo utawakuta wanakula majani kwa makundi. Bandhavgarh ni ndogo zaidi, na chui milia wamesongamana. Pench ina misaji na inafikika kirahisi kutoka Nagpur, iacheni kwa safari nyingine. Panna nayo ina kisa chake: kufikia 2009 chui milia wake wote walikuwa wamekwisha, wakaletwa wengine kutoka hifadhi jirani, wakazaliana. Nenda siku ukiwa na hamu ya kuona pia mahekalu ya Khajuraho.

Uhakika? Hakuna, na anayekuuzia uhakika mkimbie. Ila Aprili mmechagua vyema. Joto hupita nyuzi 40, madimbwi mengi yamekauka, na mnyama hafiki mbali na maji. Kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba ni masika, na maeneo ya ndani hufungwa kabisa.

Mtapanda Gypsy, gari dogo la wazi, watalii wasiozidi sita pamoja na dereva na mwongozaji. Kushuka hairuhusiwi. Vaeni nguo zisizong'aa, na kitambaa cha kufunika pua, maana vumbi la gari la mbele lote ni lenu. Wenzetu wengi hukodoa macho tu. Mimi nasema tegeni masikio, maana wanyama wengine hupiga kelele za kuonyana chui milia akiwa karibu. Chital, wale kulungu wenye madoa meupe, hupiga kelele hata kwa kivuli. Langur, kima mwenye mkia mrefu, akianza kukohoa juu ya mti, dereva huzima injini. Lakini sambar, kulungu mkubwa, akitoa ule mlio wake mzito, mmoja, kisha tena mmoja, mtaona mwongozaji anasimama bila kusema neno, kidole kikielekea kwenye mianzi. Hapo msiulize kitu. Dakika 20 za ukimya kando ya dimbwi zinalipa kuliko kufukuzana na foleni ya Gypsy zilizosikia kuwa "yupo kule".

Mwisho ni karatasi. Viza ombeni mtandaoni mapema. Na kama mnatoka nchi iliyo kwenye orodha ya homa ya manjano, bebeni kadi ya chanjo, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia India. Bila kadi hiyo mnaweza kuwekwa karantini, na vibali vyenu vya Kanha havitawasubiri.