Uzito umekwama baada ya kupungua kilo nane: je, niache wanga kabisa?

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Morogoro, na urefu wangu ni sentimita 160. Mwezi Januari nilikuwa na kilo 94. Niliacha soda, nikaacha ugali na wali usiku, na kila asubuhi ninatembea kwa kasi dakika 40. Baada ya miezi mitatu nilifika kilo 86, lakini sasa ni wiki ya sita mizani haisogei. Wenzangu wananishauri niache wanga kabisa na ninywe maji ya ndimu na tangawizi kabla ya kulala. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kilo nane kati ya 94 ni zaidi ya asilimia 8 ya uzito wako wa awali, na kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 kwa kawaida kunatosha kuleta nafuu katika shinikizo la damu na sukari. Kazi uliyoifanya haikupotea.

Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko mwili mzito, hata ukiwa umelala. Kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990 na inayotumiwa sana na sisi wa lishe, mwanamke wa umri na urefu wako mwenye kilo 94 huhitaji takriban kalori 1,570 kwa siku akiwa amepumzika tu. Akifika kilo 86, huhitaji takriban 1,490. Matembezi yale yale nayo yanakutoa nishati pungufu kwa kuwa mzigo unaoubeba umepungua. Chakula kilichokupunguza Januari, leo kinatosha kukuweka pale pale.

Pengo hilo la kalori 80 na ushee ni dogo, na kwa uzoefu wangu mara nyingi limejificha kwenye sufuria. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4, hivyo kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu huku akikadiria kwa macho hutia vijiko vitano au sita kwenye mchicha wa watu wanne bila kujua. Kwa wiki mbili, pima kwa kijiko na usizidishe viwili kwa sufuria hiyo. Angalia pia karanga za kukaanga zinazotafunwa njiani, maana gramu 30 tu, yaani kiganja kimoja, zina takriban kalori 170.

Kuhusu kuacha wanga kabisa, sikushauri. Ni kweli mizani itashuka haraka siku za mwanzo, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni maji, kwa sababu wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikana na maji yenye uzito wa takriban mara tatu ya wanga huo. Ukirudia ugali, nayo hurudi. Kula ugali kiasi cha ngumi yako, hata usiku, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe na mboga za majani pamoja na maharage, samaki au dagaa wasiokaangwa kwa mafuta mengi. Maji ya ndimu hayayeyushi mafuta ya mwilini, na mwenye vidonda vya tumbo yanaweza kumletea kiungulia.

Kwa upande wa mazoezi, dakika 40 kila siku ni 280 kwa wiki, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzia 150 hadi 300, kwa hiyo huna haja ya kuongeza mwendo. Unachokosa ni mazoezi ya nguvu. Anayepungua bila hayo hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mara mbili kwa wiki, kaa kwenye kiti na uinuke bila kujishika mara kumi, sukuma ukuta kwa mikono, kisha inua ndoo ya lita 10 ukiwa umekunja magoti, ukianza na maji nusu. Rudia mzunguko huo mara tatu.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka chooni, na upime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kwa kuwa kiuno kinaweza kupungua hata mizani ikiwa imesimama. Ikiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari, zungumza na daktari kabla ya kupunguza chakula, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na ikiwa baada ya wiki nane uzito na kiuno vyote havijasogea, hasa ukiwa na uchovu, kuhisi baridi isivyo kawaida au kufunga choo, omba kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi, yaani tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kutumia nishati.