Bi Mkubwa hakuwa mkali, sukari ilikuwa imeshuka

Juzi usiku dada mmoja anayemlea mzee huko Kisauni aliniandikia: "Dada, nimechoka. Kila ikikaribia alfajiri mzee ananitukana matusi ya nguoni huku jasho linamtoka. Asubuhi ananiuliza mbona nimenuna. Ana sukari na anadungwa insulini. Watoto wake wanasema ni jini. Niache kazi?"

Usingizi uliniruka. Nilikwisha kuwa mahali pake, na nililokosa mimi sitaki mtu mwingine alikose.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize kozi yangu ya kuhudumia wagonjwa nyumbani. Niliajiriwa Tudor, kwa Bi Mkubwa wa miaka 70 na ushei, mwenye sukari, presha na figo zilizoanza kuchoka. Vidonge vyake vyote nilivijua kwa majina na rangi. Nilivipanga kwenye kisanduku, asubuhi na jioni, wala sikuwahi kukosea hata kimoja. Nilijiona mjuzi.

Ikaingia Ramadhani. Daktari alikuwa amemkataza kufunga, naye akasema hawezi kufa na deni la Mungu. Mwanawe akaniambia, "Muache mama na saumu yake." Nikanyamaza. Sikumpigia hata daktari simu kuuliza dawa zibadilishwe vipi. Siku hiyo alikula daku ya tende mbili na chai ya rangi, akameza glibenklamidi, kidonge chake cha kushusha sukari, kama kawaida, kwa mkono wangu mimi.

Saa kumi alasiri nilikuwa jikoni nakaanga kaimati. Akaniita. Nilimkuta kanga imelowa jasho, macho yamemtoka. Nikamuuliza nimfungulie dirisha? Akaniita mwizi. Akasema nimemuibia bangili zake, akarusha sinia ukutani. Mimi, niliyekuwa nikimuosha miguu kila siku na kumkausha kidole kwa kidole! Nilirudi jikoni nikalia, nikamsusia kwa dakika arubaini nzima.

Niliporudi alikuwa amelala upande, anakoroma vibaya, haitiki. Nikachukua sharubati ya futari nimmiminie mdomoni. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, akanidaka mkono: "Utampaliza! Mlaze kwa ubavu, tafuteni gari." Hospitalini sukari ilisoma 1.8 (milimoli kwa lita). Walimtundikia dripu ya glukosi akafumbua macho, kisha usiku sukari ikashuka tena. Vidonge vile hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa dhaifu hukaa zaidi. Walimlaza siku mbili.

Mwanawe alinifukuza pale pale kwenye korido: "Mama anakufa, wewe unapika kaimati." Siku zangu za mwezi ule hakunilipa. Bi Mkubwa alipona, namshukuru Mungu, lakini maneno yale bado yananichoma. Yeye ndiye aliyesema mama aachwe afunge. Na mimi ndiye niliyeliona jasho nikalidhania hasira.

Baada ya hapo niliamua kujifunza ugonjwa wenyewe. Ubongo chakula chake kikubwa ni sukari. Ikishuka chini ya 3.9, mwili hupiga kengele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe unakosa chakula, na hapo ndipo mtu mpole anatukana, analia bila sababu, anakusahau jina au anaongea kama mlevi. Anayetumia dawa ya presha kama atenololi huenda asitetemeke wala asisikie moyo ukienda mbio, lakini jasho hubaki. Mtazame jasho lake. Sisi kina dada wa kazi hii tunaogopa sana sukari ya kupanda, na hii ya kushuka ndiyo inayoweza kumchukua mtu katika saa moja.

Miaka miwili baadaye, Bamburi, mzee wangu aliyekuwa nahodha aliamka ulimi mzito, mkono mmoja hauna nguvu. Nyumba nzima inalia kiharusi. Niliwaambia waandae gari, kwa kuwa kama ni kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge ina muda wake, saa nne na nusu tangu dalili zianze. Wakati gari linawashwa nikapima kidole: 2.4. Alikuwa bado anameza, nikampa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Baada ya dakika 15 nikapima tena, ikawa imepanda, nikampa mkate. Hospitali tulikwenda, lakini alikwenda akiuliza redio yake iko wapi. Najivunia asubuhi ile na sitaficha.

Kwa hiyo wenzangu, kujua saa ya kidonge si kujua ugonjwa. Uliza kila dawa inafanya nini na ikizidi inaleta nini. Mwenye moyo dhaifu mpime uzito kila asubuhi. Akiongeza kilo mbili kwa siku tatu, hayo huwa ni maji yaliyojaa mwilini wala hajanenepa, na ng'onda na achari zenye chumvi nyingi zimtoke mezani. Presha ipime akiwa ameketi kimya dakika tano, mkono umeegemezwa mezani, si mara tu baada ya kugombana na wajukuu. Na ukitukanwa na mgonjwa wa sukari, pima kwanza, unune baadaye. Nalisema hili kwa uchungu, maana nawaona wenzangu wakiacha kazi na wazee wakipelekwa kwa waganga kwa kitu ambacho tone moja la damu lingekieleza.

Dada wa Kisauni, usiache kazi bado, na sindano ya mzee usiipunguze wewe mwenyewe. Andika daftarini amekula nini jioni, saa ngapi, na amedungwa kiasi gani. Weka kipimo na sukari karibu na mto wako. Leo saa tisa usiku mpime, na kesho saa hiyo hiyo umpime tena. Namba hizo umpelekee daktari wake mapema, usingoje tarehe ya kliniki. Ukikuta chini ya 3.9 na anameza vizuri, fanya kama nilivyofanya Bamburi. Asipoitika, usimtie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu, wapigie watoto wake walete gari.

Ukishapima niandikie imesoma ngapi. Nitakuwa macho.