Nguzo za zizi zinaoza

SWALI: Shikamoo babu. Nina ng'ombe watatu huku Njombe. Zizi nililojenga mwaka juzi kwa miti ya mkaratusi limelegea: nguzo zimeoza chini, fito zinadondoka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kilichokuangusha ni nguzo. Mti mbichi ukiufukia na magome yake, umewapa mchwa nyumba na chakula. Kata mkaratusi au muwati, menya magome siku hiyohiyo yakiwa bado yanabanduka kwa urahisi, kisha anika kivulini miezi 2 au 3. Mimi huunguza ncha ya chini mpaka iwe nyeusi, kupita kidogo usawa wa ardhi, maana pale ndipo kuoza kunapoanzia.

Na fito, tafadhali, zipigilie upande wa ndani. Ng'ombe akijikuna au akisukuma, anaikandamiza fito kwenye nguzo. Ukizipiga nje anang'oa misumari yote, nimeliona hilo mara nyingi mno. Mlangoni weka fito 3 za kuchomoa.

Zile za zamani usizitupe. Zilizo nzima zinatosha kutengeneza kichanja cha vyombo. Zilizopakwa oili chafu usizipeleke jikoni kabisa. Moshi wake ni sumu kwa mama na watoto.